Ngazi ya Hatua Saba

Honiara, 3 Februari 2018

Mjomba Manepuri,

Shikamoo. Ukiona bahasha imenona usidhani nimetuma pesa. Ndani kuna simu isiyopiga simu. Kioo kimepasuka, laini haina, lakini sikio lake ni zima. Hiyo ni ya kurekodi, na pembeni yake kuna flashi ya kunirudishia sauti. Nimeifunga na soksi yangu ya kushoto isije ikagongwa kwenye meli. Soksi naomba irudi.

Mimi bado niko kibandani nyuma ya soko, natengeneza simu, najazia watu nyimbo, pembeni nauza popoo na chokaa ya kutafunia. Mwezi uliopita akaja mama mmoja wa Kizungu, Bi Lorraine, laptopu yake imemwagikiwa na maji ya dafu. Nikaizika kwenye mchele siku tatu, ikafufuka. Mchele tukaula.

Alipoiwasha nikaona ina programu ya kuandikia muziki. Unapanga noti kwenye mistari, unabonyeza, inajipigia yenyewe. Piano ipo, vayolini ipo, tarumbeta ipo. Nikamwuliza, na filimbi zetu za mianzi? Akasema zipo, akabonyeza. Mjomba, ilitoka sauti ya birika la chai. Nikamwambia, mama, hilo ni birika, ondoa jikoni. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Sasa sikiliza. Huyu mama anatengeneza kitabu cha muziki cha shule zote za visiwa vyetu. Kila shule itapewa kitabu pamoja na hiyo programu, na mtoto atajifunza filimbi kwa kusikiliza kompyuta. Nikamwambia basi watajifunza birika. Akaniuliza, wewe unaweza kupata sauti yenyewe? Mimi huyu wa darasa la nne nikajibu, mama, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilikuwa sijawahi kuifanya hata siku moja. Akaniazima laptopu nyingine, nikajifunza wiki nzima, na kumbe si uchawi. Unatengeneza ghala la sauti, yaani faili moja. Ndani unaweka sauti ya kila filimbi peke yake, halafu programu ikiona noti inakimbia ghalani kuchukua filimbi yake.

Kwa hiyo nataka hivi. Mafungu yote mawili, lako na la marehemu Ramoi, mwenzako wa kupuliza. Filimbi saba na saba, kumi na nne. Kila moja ipulizwe peke yake mara tatu: polepole, kawaida, na kwa nguvu. Mbwa afungwe. Jogoo apewe onyo.

Mpwa wako,
Casper


Hauhari, Malaita, 16 Februari 2018

Casper,

Anayeandika ni binti yangu Rosina, mimi nasema. Mkono wangu siku hizi unatetemeka kwa sababu ya shoka, si kwa sababu nyingine.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umelewa. Nani anapuliza filimbi moja peke yake? Unajua vizuri fungu langu lina hatua ya kwanza, ya tatu, ya tano, na fungu la Ramoi lina ya pili, ya nne, ya sita. Mmoja akipuliza, mwingine anavuta pumzi. Ngazi moja, watu wawili. Wewe unaniambia nipande ngazi kwa kusimama kwenye hatua moja mpaka nichoke, halafu nishuke, halafu nipande nyingine.

Lakini nitakubali, na nitakwambia kwa nini. Krismasi iliyopita mjukuu wa jirani alikuja likizo kutoka shule ya huko kwenu. Ana miaka kumi na miwili. Alinisikiliza, akainamisha kichwa kama daktari, akasema, "Babu, filimbi zako zinaumwa." Nikamwuliza zinaumwa nini. Akasema hazilingani na kinanda cha shule. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nimekata filimbi miaka hamsini kwa kijiti cha kupimia cha baba yangu, na mtoto ambaye hajawahi kukata hata muwa ananiambia nimezitia ugonjwa.

Kwa hiyo kama watoto watajifunzia kompyuta, basi kompyuta ijue. Nitapuliza mwenyewe.

Jogoo tumemla.

Mjomba wako,
Manepuri

(Casper, hapa ni mimi Rosina, yeye yuko nje. Ukijibu usimwulize habari za kifua.)


Honiara, 9 Machi 2018

Mjomba wangu mwenye mapafu ya nyangumi,

Flashi imefika, soksi imefika, na soksi imefuliwa, namshukuru aliyefua, nilikuwa sijategemea.

Nimekaa na hedifoni siku mbili wateja wakinitukana. Mjomba, una pumzi za kijana. Zile za nguvu, zile za filimbi kubwa, kibanda kizima kilitetemeka. Na umepuliza mafungu yote mawili, lako na la Ramoi, wala sisikii tofauti ya mtu. Kwenye filimbi ya sita kuna mtoto anacheka nyuma. Huyo lazima ni Toni wa Rosina. Nimemkata, kitabu kingine atawekwa.

Tatizo moja tu, na nimeshalimaliza. Hii programu ina sindano ya kupimia sauti. Ikiwa sawa inakuwa kijani, ikikosea inakuwa nyekundu. Zako zote zikatoka nyekundu isipokuwa ya kwanza. Nikasema ah, mianzi imekula chumvi, au unyevu wa mvua za Januari, au simu yenyewe ina mafua. Nisingeweza kukuaibisha mbele ya Bi Lorraine. Kuna mahali pa kubonyeza pa kusahihisha. Nikabonyeza moja moja, sauti zote zilizokuwa nyekundu, mpaka zikawa kijani kama shamba la magimbi.

Halafu nikafanya ufundi wa pili. Nikaiunganisha kila sauti mwisho wake na mwanzo wake, inazunguka, haikatiki. Sasa ukishikilia noti filimbi inalia hata saa nzima. Kompyuta haiishiwi pumzi, Mjomba. Umekuwa wa milele.

Bi Lorraine amesikia, amefurahi, amepiga makofi. Nimekuwekea kwenye flashi hii wimbo wako ule wa kukaribisha wageni, umepigwa na ghala letu. Mpe katekista aunganishe na spika ya kanisa, kijiji kizima kisikie.

Mpwa wako fundi,
Casper


Hauhari, 24 Machi 2018

Casper,

Kijiji kizima kimesikia.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mihogo iko kwenye mawe ya moto, watu wamekaa, wageni wa upande wa baba yako wamekuja. Katekista akaunganisha. Mimi nimevaa shati. Noti ya kwanza sawa. Ya pili nikadhani betri ya sola. Ya tatu nikatazama spika. Ya nne nikajua ni wewe.

Nikaenda kukaa nyuma ya kanisa na shati langu.

Sasa nikufundishe, maana darasa la tano hukulifika. Piano ni ngazi iliyojengwa na mlevi. Hatua ndefu, ndefu, halafu fupi. Tena ndefu, ndefu, ndefu, halafu fupi. Wazungu wameizoea, wanapanda bila kuanguka, sina ugomvi nao, ni nyumba yao. Ngazi yetu ina hatua saba na zote ziko sawa. Hakuna ndefu, hakuna fupi. Ukimaliza ya saba unafika pale ulipoanzia, ila juu. Kijiti cha baba yangu hakina chumvi. Mwanzi wangu hauna unyevu. Sindano yako ilipokuwa nyekundu ilikuwa inasema, hapa si kwetu. Wewe ukasikia, hapa pamekosewa. Umechukua ngazi yangu ukaivunja, ukaijenga upya kama ya mlevi, ukaniletea kama zawadi mbele ya wakwe.

Na hilo la kutoishiwa pumzi. Mtu asiyehitaji kuvuta pumzi ni maiti. Pumzi ya mmoja inapokatika ndipo anapoingia mwenzake. Ukishaziba pale, Ramoi anakaa wapi?

Mtu akimtukana mwenzake mbele ya kanisa analeta fidia, nguruwe na mkufu wa kome nyekundu. Unaijua desturi. Nguruwe wako simtaki, najua ungemkopa kwangu mwenyewe. Fidia yangu ni hii. Rudisha kila sauti ilivyokuwa, na iingie kwenye hicho kitabu ilivyokuwa. La sivyo yule mtoto wa Krismasi atarudi na wenzake elfu, na wote watakuwa na kitabu mkononi kinachosema mimi ni mgonjwa.

Manepuri


(karatasi nyingine, imekunjwa ndani ya bahasha hiyohiyo)

Casper,

Hii baba hajaiona. Nimevumilia, lakini kila ukimsifu pumzi analala akiangalia ukuta.

Hakupuliza yeye. Tangu Oktoba kifua chake hakina kitu. Akipuliza mara mbili anakohoa mpaka tunamshika. Aliniambia nipeleke simu na mafungu kwa wazee wa upande wa pili wa mto, wakapulize wao, halafu tukae kimya. Nilienda. Wakasema watapuliza wakisikia nguruwe anaitwa jina, yaani mpaka walipwe. Nikarudi na mafungu yangu mkononi. Nikaingia kwenye tanuri la mbata, nikaziba kuta kwa mablanketi, nikambeba Toni mgongoni, nikapuliza mwenyewe. Zote kumi na nne. Siku tatu.

Kwetu mwanamke hapulizi, unajua. Hata kuruka filimbi iliyolala chini inaleta maneno. Lakini nimekaa nje ya mlango nikisikia baba na mzee Ramoi tangu sijaota meno. Masikio hayakupigwa marufuku. Wazee wakijua watataka fidia kwa baba, na baba hana nguvu ya kugombana nao.

Yeye anadhani ni wazee wa mto. Usiseme kwa mtu.

Rosina


Honiara, 5 Aprili 2018

Bi Lorraine,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ukinipigia simu utanichekesha na mimi nitakubali kila kitu.

Lile ghala la sauti nililokupa nimeliharibu mwenyewe, na naomba ulitupe. Nilibonyeza kitufe cha kusahihisha kitu ambacho hakikuwa kosa. Flashi hii ina ghala jipya, yaani la zamani. Sauti arobaini na mbili, zimerudi zilivyotoka mdomoni. Hazizunguki tena. Pumzi ikiisha, noti inaisha. Mtoto akiandika noti ndefu kupita pumzi ya mtu, programu itanyamaza katikati, naye ataelewa kwamba hapo anahitaji mwenzake. Nimezigawa mafungu mawili, fungu hili mstari wa juu, fungu hili mstari wa chini, kama wanavyokaa wapulizaji.

Utaona sindano nyekundu. Usiogope. Hatua zao saba ziko sawasawa, za piano haziko sawa. Ukitaka kujua nani amenyooka, chukua rula.

Mimi, mama, nimesoma mpaka darasa la nne, nikafukuzwa kwa kumuuzia mwalimu saa yake mwenyewe. Kwa hiyo sikufundishi. Nakwambia tu kwamba lile la kijani halikuwa la kwetu.

Casper, kibanda nyuma ya soko


Honiara, 9 Aprili 2018

Ndugu Casper,

Nashukuru kwa barua yako na kwa kazi kubwa uliyoifanya. Nimelisikiliza ghala jipya pamoja na kamati ya kitabu. Sote tumekubaliana kwamba sauti ni nzuri na ina uhai.

Hata hivyo shule zetu tayari zina vinanda, na nyimbo zote za kitabu zimeandikwa ili filimbi zipigwe pamoja na kinanda. Ghala ulilotuletea sasa haliwezi kwenda nacho. Wajumbe wawili walidhani faili limeharibika. Kwa manufaa ya wanafunzi kamati imeamua kutumia lile la kwanza, lililosahihishwa.

Naambatanisha fomu ya ruhusa. Aliyepuliza aandike jina lake na kutia sahihi. Jina hilo litachapishwa ukurasa wa mbele. Tunaihitaji kabla ya tarehe 30 Aprili. Tusipoipata tutatumia sauti iliyokuja na programu, na nitakuomba urudishe laptopu ya mradi.

Natumaini utalielewa hili. Laptopu yangu bado inanukia dafu.

Lorraine Tebbutt


Honiara, 12 Aprili 2018

Mjomba,

Fidia yako nimelipa nusu. Sauti zote zimerudi. Nimekaa nazo moja moja nikizirudishia wekundu wao, na kila moja nikiirudisha nikasema samahani kwa sauti, wateja wakadhani nimeokoka.

Nusu ya pili imegoma. Soma barua ya Bi Lorraine, Rosina akusomee polepole. Wanataka lile la kijani. Ukitia sahihi, jina lako litachapishwa mbele ya kitabu, kila shule, kila kisiwa, na nyuma ya jina lako itakaa ngazi ya mlevi. Usipotia, litaingia birika.

Mimi ningekuwa wewe ningewapa birika. Birika mtoto akilisikia anajua ni birika. Hili la kijani ni baya zaidi kwa sababu lina uso wako. Lakini filimbi si zangu, na mdomo wangu umeshaharibu mara moja, kwa hiyo sasa nauliza kwanza.

Kuna pale fomu inaposema "aliyepuliza". Hapo, Mjomba, jaza unavyoona, au usijaze, mimi sitauliza swali. Nimejifunza kutouliza. Ni ufundi mpya, unaniumiza.

Casper


Hauhari, 21 Aprili 2018

Bi Lorraine,

Mimi ni Manepuri wa Hauhari, mkata filimbi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda kama mbuzi. Mwandishi wangu wa kawaida nimemtuma mtoni kwa makusudi.

Fomu yako nimeirudisha bila sahihi.

Unasema filimbi haziwezi kwenda na kinanda. Ni kweli. Hata mimi siwezi kwenda na farasi. Hatujawahi kuitana. Kama kitabu chako kina nyimbo za kinanda, wape kinanda. Ukitaka filimbi, kinanda kikae kimya kwa dakika tatu, hakitakufa.

Jambo la pili. Fomu inauliza aliyepuliza. Casper anadhani ni mimi. Binti yangu Rosina anadhani mimi nadhani ni wazee wa ng'ambo ya mto. Sasa, mama, filimbi hizi nimezikata mimi. Midomo yake nimeipiga msasa kwa ganda la konokono, moja moja. Unadhani sijui pumzi ya nani imepita ndani? Ile flashi ya Casper, ingawa alikuwa ameiharibu, noti ya kwanza hakuigusa. Niliposikia ile ya kwanza pale kanisani nilimjua. Anaanza kwa kusita kidogo, kama mama yake alivyokuwa akisita mlangoni. Sikutoka nje kwa sababu ya Casper peke yake. Nilitoka kwa sababu nilitaka kulia na nimevaa shati.

Nimenyamaza mwezi mzima nikiogopa wazee. Nimechoka. Kwa hiyo kama siku moja mtataka ngazi yenyewe, jina la kuandika hapo ni Rosina Manepuri. Mimi nimewahi kuiba magimbi, nimewahi kuiba mtumbwi. Pumzi ya mtu sijawahi kuiba, na sitaanzia kwenye kitabu cha watoto.

Lile la kijani nakukataza. Chukua birika lako.

Manepuri


Honiara, 18 Juni 2018

Mjomba na Rosina, nawaandikia wote wawili maana sasa hakuna cha kufichana,

Kitabu kimetoka. Birika limo, ukurasa wa thelathini na moja. Laptopu nimerudisha, nimeifuta vumbi, nikaiaga. Bi Lorraine alisoma barua yako mbele yangu. Akaisoma tena. Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo. Nikamwambia hiyo haihitaji fomu.

Lakini ile barua yako ilikataza nini? Lile la kijani. Hakuna karatasi inayokataza lile jekundu. Na mimi ni mtu wa kujazia watu nyimbo.

Kibandani kwangu kila mwanafunzi anayeleta simu kioo kimepasuka anaondoka na kioo kipya na ngazi yenu. Bure, bila kuombwa. Programu ya shule inakubali ghala la nje, unatoa birika unaweka letu, ni kama kubadilisha betri. Nimebandika kibao: HAPA TUNATIBU MABIRIKA. Hivi juzi wamefika wa shule tatu. Wengine wanakuja na simu nzima, wanasema imeharibika, nikiiangalia nakuta wanataka ghala.

Halafu sikilizeni hili. Shule ya pale juu kilimani ina kikundi cha mabomba ya plastiki, yale wanayopiga kwa kandambili, na filimbi pia za bomba. Walikuwa wamezikata kwa kufuata kinanda. Wiki mbili wamesikiliza Rosina kwenye kompyuta, asubuhi na mchana. Hawakuambiwa na mtu. Wakachukua msumeno wakaanza kukata mabomba upya kwa masikio, wakikosea wanatupa, wakikosea wanatupa, mpaka fundi bomba wa shule akaenda kushtaki kwamba vyoo havina mabomba. Siku ya kuzindua kitabu wageni wamekaa, mwalimu wa muziki anaketi kwenye kinanda, watoto wanaanza, na yeye anaingia juu yao. Wakaacha kupiga wote. Mwalimu akasema, vipi? Akanyanyuka mmoja, mfupi, nikamtambua. Ni yule mjukuu wa jirani yenu, Mjomba. Yule wa Krismasi.

Akainamisha kichwa kama daktari. Akasema, "Samahani mwalimu, kinanda kinaumwa."

Bi Lorraine ndiye aliyeinuka akachomoa waya.

Dakika tatu, Mjomba. Hakikufa.

Casper

Nb. Fidia imekamilika au bado? Nauliza kwa sababu hapa kuna mtu anauza nguruwe kwa mkopo.


Hauhari, 8 Julai 2018

Kaka Casper,

Fidia yako imekamilika, baba amesema. Nguruwe mkopeshe mwingine.

Ya kwetu pia imekamilika. Wazee wa ng'ambo ya mto, habari ilipowafikia, walikuja wanane, na maneno yao yamepangwa. Baba hakuwaacha hata wakae. Alimtoa nguruwe yule mweusi, yule aliyekuwa anamweka kwa mazishi yake mwenyewe, akamfunga mguuni pa mzee wao. Akawaambia, "Hii ndiyo fidia ya binti yangu kupuliza. Nimelipa na ya mwakani, maana mwakani atapuliza tena." Wakatazamana. Mmoja akauliza sasa wewe utazikwa na nini. Akajibu kwamba atasubiri nguruwe mwingine akue.

Walimla palepale. Walipokuwa wanaondoka yule mzee mkubwa akapita karibu na tanuri, akasema bila kunitazama kwamba filimbi ya tano inataka mdomo uinuliwe kidogo. Nilijaribu. Ni kweli.

Mwanzi mpya umekatwa, mafungu manne, makubwa. Baba amepima kwa kijiti, mimi nimeshika msumeno. Rekodi ziko kwenye flashi hii, na safari hii mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Yeye alikaa ndani pamoja nami juu ya gunia la mbata, ameshika simu yako kwa mikono miwili, kila nikimaliza anasema, "Tena." Filimbi ishirini na nane, mara tatu tatu, na nyingine mara kumi kwa sababu ya hilo "tena" lake.

Ukivaa hedifoni utasikia kitu. Kila noti yangu inapokatika, kabla ya kimya, kuna pumzi nyingine nyuma, nzito, ina mkwaruzo. Hiyo ni ya kwake. Anavuta pale ambapo mwenzangu angevuta. Nilimwambia asogee mbali na simu, akakataa.

Usiisafishe. Usiikate kama ulivyomkata Toni. Iache pale ilipo, hata sindano ikiwa nyekundu namna gani.

Na soksi ya kulia iko wapi? Baba anauliza. Ile ya kushoto ilimtosha.

Rosina Manepuri,
aliyepuliza